Nungunungu, Orwell na Mavila: nani anazipa tuni majina haya?

Kuna mfumo wa tuni unaitwa Porcupine, yaani nungunungu. Upo mwingine unaitwa Orwell, halafu kuna Magic, kuna Miracle, kuna Blackwood, kuna Mavila. Siyo majina ya bendi wala ya sauti za kwenye sinthi, ni majina ya tempramenti, na wanaoyatumia ni watu wanaoandika makala zenye matriksi na logariti, wako siriasi kabisa, anaandika "hapa nimetumia nungunungu ya limiti 11" na hacheki.

Mi hizi habari za mikrotono (muziki wa noti zilizo katikati ya funguo za piano) nazisoma usiku usiku watu wakilala, na kinachonishika kuliko hata muziki wenyewe ni majina. Nani anaamua? Kwa nini hii imepata jina la mnyama na ile ya mtu aliyekufa? Na ilikuwaje kijiji cha Wachopi huko Msumbiji kikaishia kuwa jina la nadharia ambayo watu wanabishania California na Ulaya? Hiyo ya mwisho nitaikalia sana, manake ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza tuelewane tempramenti ni nini, waliopita kwaya hapa watanielewa haraka. Imba do, panda mpaka so. Hiyo do–so ikiwa safi kabisa ni uwiano wa 3 kwa 2, so inatetema mara 3 wakati do inatetema mara 2. Kwa kipimo cha senti, ambacho Mwingereza Alexander Ellis alikileta miaka ya 1880, oktavi nzima ni senti 1200 na hiyo do–so inakuwa senti 702 hivi. Sasa ichukue so uifanye mwanzo mpya, panda tena vilevile, rudia mpaka mara 4: do, so, re, la, mi. Umefika mi, hongera, ila hiyo mi siyo ile mi tamu ya 5 kwa 4 ambayo sauti ya pili wakiipata sawasawa kodi (zile sauti zinazolia pamoja) inatulia yenyewe. Hii yako imepanda juu kwa senti 21.5. Hako katofauti kanaitwa koma, na kwa namba ni 81/80.

Una njia mbili. Uishi na koma, uwe na mi mbili zinazogombana kila siku, au uiue. Kuiua maana yake unaminya kila do–so kidogo, senti 5 na pointi, mpaka mi zote mbili zinakutana sehemu moja. Ukishafanya hivo umetengeneza tempramenti, na hii niliyoieleza ni meantone, ile ambayo Pietro Aron aliielezea Italia mwaka 1523 na Ulaya ikaitumia kwenye kinanda kwa miaka mingi sana. Jina lake lina akili: re imekaa katikati kabisa kati ya do na mi, toni ya wastani, basi. Ukilisikia jina unajua fundi alifanya nini.

Tatizo ni kwamba koma haziko moja. Zipo nyingi hazina mwisho, na kila koma (au kikundi cha koma) ukiamua kuiua unapata tempramenti nyingine, yenye skeli nyingine, yenye kodi zinazotembea kwa njia ambayo piano yako haiwezi. Zamani hii haikuwa shida manake tempramenti zilizojulikana zilikuwa chache na kila moja ilibeba jina la bwana mkubwa fulani, Werckmeister, Kirnberger, Vallotti, Young. Halafu kwenye miaka ya 2000 mwanzoni wakaja watu kama Paul Erlich, Graham Breed, Dave Keenan na mwanahisabati Gene Ward Smith, wakaligeuza suala zima kuwa aljebra, kompyuta ikaanza kutema tempramenti kwa mamia. Huwezi kuzipa zote majina ya Wazungu waliokufa. Hapo ndipo vurugu ya majina ilipoanza.

Njia ya kwanza ni namba tupu. Oktavi ukiigawa sawa kwa sawa mara 12 wengine wanaandika 12-TET, wengine 12-ET, na wanamikrotono wengi leo wanaandika 12-EDO (equal divisions of the octave), na usifikirie ni kitu kidogo, watu wanakosana kabisa juu ya hizi herufi. Mi niko upande wa EDO kwa sababu moja tu, inataja kitu kinachogawanywa, yaani oktavi. Siyo lazima ugawe oktavi. Skeli ya Bohlen–Pierce inagawa umbali wa 3 kwa 1 mara 13, oktavi haimo kabisa, na mtunzi Mmarekani Wendy Carlos ana zake tatu, alfa, beta na gama, zenye hatua za senti 78, 63.8 na 35.1 hivi, ambazo nazo oktavi haziipati. Ukisema tu "hatua 13 sawa" hujasema kitu.

Ila EDO siyo tempramenti yote, ni kama sampuli yake moja. Meantone ile ile unaipata kwenye 12-EDO, kwenye 19-EDO, kwenye 31-EDO. Ndo wakaja na mtindo wa kuunganisha mbili: 12&19. Maana yake, chukua zile koma ambazo 12 na 19 zote zinaziua, hicho wanachokubaliana ndiyo tempramenti yenyewe. Porcupine ni 15&22, Mavila ni 7&9. Ni kama unavyomwelekeza mgeni uswahilini kusikokuwa na namba za nyumba, "njoo pale msikiti unapokutana na duka la Mangi", vitu viwili anavyovijua vinamfikisha kwenye cha tatu asichokijua. Naupenda huu mtindo sana, hauna ubishi, mtu yeyote mwenye kikokotoo anafika. Lakini jaribu kumwambia rafiki yako "jana nimetunga kitu kwenye 10&31", uone kama kesho atakumbuka.

Ndo maana majina ya utani yakashinda. Na mengine yana hadithi nzuri kwelikweli.

Orwell: hii inajengwa kwa kurudiarudia hatua moja ya senti 271 hivi (hatua inayorudiwa ndiyo wanaiita jenereta, na hapana, haihusiani na Tanesco). Ukiirudia mara 7 unafika 3 kwa 1, ukiiacha yenyewe ni 7 kwa 6. Sasa ukitaka kuipata kwenye 84-EDO unachukua hatua 19. Kumi na tisa kati ya themanini na nne. 19/84. Mtu akaona 1984, akasema basi huyu ni Orwell, imeisha hiyo. Na waliokuja nyuma yao wakaendeleza utani: ukiipanua tempramenti hiyo kufika kwenye namba tasa ya 13 inagawanyika njia kadhaa, na njia hizo zikaitwa Winston, Blair, Doublethink. Ukoo mzima ndani ya riwaya moja.

Mi nilidhani huu ni upuuzi mpaka nilipoanza kuufuatilia, manake kumbe utani huo unafanya kazi ambayo namba hazifanyi: ukiliona jina Winston unajua bila kuambiwa kwamba baba yake ni Orwell. Ukoo wa Porcupine ndo usiseme, kuna Hystrix, kuna Hedgehog, kuna Porky, kuna Coendou, kuna Opossum. Coendou ni nungunungu wa Amerika ya Kusini, na Hystrix ni jina la kisayansi la huyu huyu nungunungu wetu anayekula mihogo ya watu usiku. Porcupine yenyewe ilipata jina kutokana na kipande cha muziki cha Herman Miller, alikiandika kwenye 15-EDO na kichwa chake kilikuwa na nungunungu ndani, nadharia ikaja baadaye ikachukua jina la kipande. Hiyo naiheshimu. Muziki ulitangulia, hesabu ikafuata. Na kiufundi ni kitu rahisi mno: do–fa imegawanywa sawa mara 3, hatua za senti 163 hivi, mbili zinakupa tatu ndogo ya maina (ile ya huzuni, meja ndiyo ya furaha), tatu zinakupa fa. Ukipiga kinanda kilichowekwa hivo, kodi zinashuka ngazi tatu sawasawa pale ambapo kwa kawaida ungekuwa na ngazi mbili kubwa na moja ndogo, kichwa kinazunguka kidogo halafu kinazoea.

Miracle nayo ni mchezo wa herufi, kila herufi inasimamia neno la Kiingereza, kwa kifupi wanamaanisha inakaribia uwiano mwingi kwa mpangilio mmoja. Magic hivyo hivyo. Sijui kama kuna anayeamini kwamba waliandika maneno kwanza halafu herufi zikajitokeza zikawa "muujiza". Lakini kilichomo ndani ni kikubwa: George Secor aliigundua mwaka 1974 akitafuta namna ya kubana skeli ya mtunzi Mmarekani Harry Partch ya noti 43 kwenye kinanda kinachochezeka, akapata hatua ya senti 116.7, ambayo siku hizi inaitwa secor kwa heshima yake. Sita zinakupa do–so nzuri sana. Mbili zinakupa 8 kwa 7. Na 72-EDO inaibeba vizuri. Skeli zake zikapewa majina ya karata, ya noti 21 inaitwa Blackjack, ya noti 31 inaitwa Canasta. Hapo napo kuna akili, manake Blackjack ni mchezo wa kufika 21, namba imefichwa ndani ya jina, husahau.

Halafu yapo majina ya watu. Blackwood ni Easley Blackwood, Mmarekani aliyetunga etidi (vipande vya mazoezi) 12 za mikrotono, moja kwa kila mgawanyo kuanzia noti 13 mpaka 24, akazitoa mwaka 1980. Hanson ni Larry Hanson, ingawa wengine tempramenti hiyo hiyo wanaiita kleismic kwa sababu koma inayouawa inaitwa kleisma, jina alilolitoa Mjapani Shohé Tanaka alipokuwa Ujerumani karne ya 19. Kwa hiyo ukikuta makala mbili, moja inasema Hanson nyingine kleismic, usidhani ni vitu viwili, utapoteza jioni nzima. Hili ni moja ya mambo yanayoniudhi. Lingine ni kutafuta mtandaoni. Andika "Magic" halafu niambie umepata nini. Andika "Orwell" uletewe mapitio ya riwaya. Waliotoa majina haya walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe, watu wachache wanaojuana, hawakufikiria mtu wa Mwanza atakuja kuyatafuta kwenye simu yenye bando la mawazo.

Wapo waliochoka na utani wakatengeneza mfumo. Kite Giedraitis, huyu aliyebuni gita la 41-EDO, ana mfumo wa rangi: kila namba tasa ina rangi mbili, moja ikiwa juu kwenye uwiano na nyingine ikiwa chini. Tano juu ni njano, yo. Tano chini ni kijani, gu. Saba juu ni zo, saba chini ni ru. Zile za tatu tupu ni nyeupe, wa. Koma ya meantone, 81/80, ina 5 moja chini, kwa hiyo meantone inaitwa Gu. Porcupine inaua 250/243, ina 5 tatu juu, inaitwa Triyo. Kimantiki huu mfumo umewashinda wote, jina lenyewe linakwambia koma ni ipi, huhitaji kumjua mtu wala riwaya wala karata. Na bado ukifungua majadiliano yoyote watu wanasema Porcupine. Mi mwenyewe nasema Porcupine. Silabi mbili tatu za rangi zinafanana mno, zozo, ruru, gugu, ukisoma ukurasa mzima unahisi mtoto anajifunza kuongea. Nungunungu ana miiba, anakaa kichwani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba jina la utani libaki, lakini liandamane na anwani, angalau kwenye mstari wa kwanza: Porcupine, 15&22, koma 250/243. Halafu endelea na stori zako. Wengi wanaoandika vizuri wanafanya hivo tayari.

Na pale jina linapotoka mahali halisi penye watu, ningetaka kitu cha zaidi. Hapo ndo tunafika Mavila.

Mavila inaua koma ya 135/128. Ni koma kubwa mno, senti 92, karibu nusu toni nzima inayeyushwa. Ili uifanikishe lazima uiminye do–so kwa nguvu, kutoka 702 mpaka karibu 680, na kwenye 16-EDO inakuwa 675. Sasa rudia ule mchezo wetu wa mara 4: do, so, re, la, mi. Kwenye 16-EDO unafika senti 300. Umeona? Mi imeanguka, imekuwa ya maina. Na popote ambapo ungetegemea maina unapata meja. Kila kitu kimegeuka kichwa chini miguu juu, ngazi ndogo zimekuwa tano na kubwa mbili badala ya kubwa tano na ndogo mbili, ndo maana skeli yake wanaiita antidayatoniki. Watu wanachukua vipande vya klasiki vya Ulaya wanavipitisha humo, wimbo wa furaha unatoka wa huzuni, wa huzuni unatoka wa furaha, na noti kwenye karatasi hazijabadilika hata moja. Ni mchezo mzuri sana, usijinyime.

Jina alilitoa Erv Wilson, mnadharia aliyezaliwa Mexico na kufanya kazi zake nyingi California, huyu ndiye aliyetupa pia wazo la MOS, skeli zenye hatua za saizi mbili tu. Wilson alikuwa anachunguza tuni za timbila za Wachopi, kusini mwa Msumbiji, na Mavila ni jina la kijiji chao. Timbila wengi wenu mmeshaziona hata kama hamjui jina: marimba kubwa za mbao, kila ubao una kibuyu chake chini chenye utando unaotoa mtetemo kama nyuki, zinapangwa safu safu, ndogo za sauti ya juu mpaka zile za besi ambazo mpigaji anasimama. Mbao yenyewe ni mwenje, vibuyu ni maganda ya matunda ya masala, vinagandishwa kwa nta. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodi (Tanganyika alifika pia, 1950), aliandika juu ya Wachopi kitabu kilichotoka mwaka 1948, akapima timbila zao na kukuta kwamba mafundi wanagawa oktavi karibu sawa kwa sawa mara 7, hatua za senti 171 hivi, wakianzia kwenye noti wanayoiita hombe. UNESCO nao waliitangaza timbila kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005.

Sasa sikiliza hapa. Ukigawa oktavi sawa mara 7, do–so inakuwa senti 685.7. Hiyo ni ndogo kuliko ya meantone na ni kubwa kuliko ile 680 ya Mavila. Imekaa mpakani kabisa. Kila ngazi ni sawa, hakuna ngazi kubwa wala ndogo, kwa hiyo hakuna meja wala maina, kuna tatu moja tu ya senti 343 ambayo siyo hii wala ile. Na ukifanya hesabu, 7-EDO inaua 81/80 na inaua 135/128 pia, zote mbili, ni meantone na ni Mavila kwa wakati mmoja. Kwa maana nyingine mafundi wa Kichopi, kama vipimo vinavyosema, wamesimama pale pale ambapo lile swali la meja na maina linakufa, halafu nadharia inakuja inachukua jina la kijiji chao inaliweka kwenye tempramenti ambayo ladha yake yote ni kugeuza meja kuwa maina. Sisemi Wilson alikosea, tuni za vijijini hazifanani zote, zinacheza huku na huku kutoka fundi mmoja hadi mwingine, na yeye alikuwa anatafuta mbegu, siyo anapiga picha. Ila mtu akiniambia "Mavila ndiyo tuni ya Wachopi" namkatalia. Mavila ni kitu kilichozaliwa baada ya mtu wa mbali kuwasikiliza Wachopi. Vinahusiana, havifanani.

Na kuna kingine juu yake. Ukoo huu huu wa 135/128 una jina lingine, pelogic, kutoka pelog, tuni ya gamelani (bendi ya magongo na ala za shaba) ya Java na Bali. Hatua kubwa mbili na ndogo tano, ukikaza masikio unaweza kuisikia pelog humo, kwa hiyo hesabu moja ilipewa jina la Indonesia na jina la Msumbiji. Nilipoliona hili nikamkumbuka A. M. Jones, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Zambia, ambaye mwaka 1964 alitoa kitabu kizima akidai kwamba marimba za Afrika zilikuja na watu kutoka Indonesia, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa vipimo vya tuni, timbila za Wachopi zikiwemo. Wataalamu wengi hawakumkubali, na mi pia sikubali, kwa sababu masikio ya binadamu na ubao wa mti vinaweza kufika sehemu moja bila kupanda jahazi moja. Lakini ona jinsi majina yanavyofanya kazi kimyakimya: mtu asiyejua lolote juu ya ubishi wa Jones anafungua ukurasa wa tempramenti, anakuta pelogic na Mavila kwenye familia moja, anaondoka anajua "Java na Msumbiji ni kitu kimoja". Hakuna aliyemwambia hivo. Majina tu yamekaa jirani.

Mi ningependa iwe kawaida, ukitumia jina la watu, kusema na uhusiano ni upi. Mohajira kwa mfano, jina la Jacques Dudon wa Ufaransa, ni tempramenti ya kuigawa do–so nusu kwa nusu, unapata ile mi ya katikati ya senti 350 hivi. Jina ni la Kiarabu na sauti yenyewe iko kwenye maqamu za Kiarabu kweli. Huku pwani siyo ngeni hata kidogo, mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) wa taarab Zanzibar anaijua kwa vidole, toka enzi za kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905 na kabla yake, Barghash alipomtuma Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Lakini yeye hasemi "senti 350". Anasema sikah. Na sikah ukiichunguza ni namba tu ya Kiajemi, nafasi ya tatu, kama dukah ilivyo nafasi ya pili na jaharkah nafasi ya nne, hivyo Waarabu nao walikuwa na 7&9 yao, namba zilizogeuka kuwa majina mpaka watu wakasahau kwamba ni namba. Nadhani hata Triyo na Gu zikipigwa miaka 500 zitazoeleka.

Wagogo ndo wananifurahisha zaidi, wao walichukua mlolongo wa sauti asilia wenyewe, harmoniki mpaka ya 7 na ya 9, wakaimba na kutuni ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) juu yake. Ile ya 7 inakaa senti 969, piano inakupa 1000, tofauti ya senti 31 unaisikia hata kama umelala. Msikilize marehemu Hukwe Zawose utanielewa. Hamna koma iliyouawa hapo, kwa hiyo kwa lugha ya hawa jamaa siyo tempramenti, na haijapewa jina kwenye orodha yao. Iache hivyo hivyo.

Mnaotaka kujaribu Mavila nyumbani, faili la Scala (programu ya kutunia skeli) ni maandishi matupu, unaweza kuliandika hata kwenye simu, halafu ulipakie kwenye sinthi yoyote inayosoma .scl. Mistari inayoanza na alama ya mshangao programu inairuka, unaandika unachotaka. Mstari wa kwanza usio na mshangao ni maelezo, nao uko huru, unaofuata ni idadi ya noti, halafu noti zenyewe, senti lazima ziwe na nukta. Mi la kwangu liko hivi:

! mavila7.scl
!
Mavila kwenye 16-EDO, 7&9, koma 135/128. Jina ni la kijiji cha Wachopi, Msumbiji. Tuni yao ya timbila ni nyingine, iko karibu na 7-EDO
7
!
150.0
300.0
525.0
675.0
825.0
975.0
1200.0

Piga do re mi fa so la ti, ila usiruke funguo nyeusi, manake kwa kawaida sinthi inaupa kila ufunguo noti inayofuata. Ukishachoka kucheka, futa hizo saba uweke 171.43, 342.86, 514.29, 685.71, 857.14, 1028.57 na 1200.0, ubadilishe na maelezo yake, halafu piga wimbo ule ule.